Komeo la Mlango wa Mtoni

Ieuan, kijana mlinzi, alikutwa asubuhi kakaa nyuma ya mlango wa mtoni, kama aliyesinzia zamuni. Ila kisu kilikuwa kimepita chini ya mbavu, na damu imeshaganda kwa baridi. Mlango wenyewe umefungwa, komeo limevutwa. Maana yake aliyemuua hakutoka nje. Alirudi zake ndani, akanywa uji na wenzake.

Ngome ya Carreg Wen ina njia mbili tu za kuingilia. Lango kuu, lenye daraja na minara, Waingereza walioizingira ngome walikuwa wanalitazama tangu majani yaanze kudondoka, na lilikuwa haliwapi kitu. Na huu mlango wa mtoni, mwembamba, mtu mmoja mmoja, wa kuchotea maji. Huu ukifunguka, basi, ngome imekwisha. Funguo zake zilikaa kiunoni kwa Tegwared, bawabu.

Bwana wa ngome, Rhirid, hakutaka maneno mengi. Aliyeutengeneza mlango ule ni Wilkin mwashi, naye ni Mwingereza, hata kama kaoa hapa bondeni. Anyongwe asubuhi hii hii. Nani abishane na Rhirid? Mtu aliyemtoa mwanawe wa pekee kuwa rehani kwa mfalme wa Waingereza, na mfalme alipowadhulumu mashamba, akachomoa upanga hivyo hivyo, mtoto akiwa bado mikononi mwao. Watu walikuwa wakilisimulia hilo wanafuta macho.

Tegwared ndiye aliyebisha. Hao walinyonya ziwa moja: Rhirid aliletwa kwa mama yake Tegwared angali mchanga, kama watoto wa mabwana wanavyolelewa huku, akakua na Tegwared na mdogo wake Cynwrig. Kwa hiyo Tegwared alikuwa na uso wa kumwambia.

"Tukimnyonga asiye na kosa, aliyefanya bado yumo humu," akasema. "Nipe mpaka mchana."

"Mpaka mchana, kaka. Usinivute zaidi."

Wilkin alikuwa kafungwa stoo, meno yanagongana. Tegwared alimuuliza kama aliuchezea mlango.

"Bawabu, ningetaka kuwaingiza ndugu zangu, si ningewaachia tundu tangu kiangazi, nilipokuwa najenga? Niliziba mpaka panya wakahama." Akacheka kidogo. "Mke wangu yuko chini huko bondeni. Mwambie wewe, asiambiwe na mtu mwingine."

Tegwared akateremka mlangoni. Komeo lile ni gogo la mwaloni linalokaa ndani ya ukuta upande wa kulia. Ukifunga, unalivuta lipite nyuma ya mbao mpaka lizame kwenye shimo la kushoto, na likifika mwisho linagonga jiwe, du. Bawabu halali hajausikia mlio huo. Jana hakuusikia. Cynwrig alikuwa kamwita juu wakanywe pombe ya asali ya mwisho iliyobaki, akamwambia mwachie Ieuan afunge, kwani gogo linataka shahada?

Akalirudisha, akalivuta tena. Halikusema du. Lilisema tak, karibu kabisa. Ncha ilikuwa imeingia vidole vinne tu. Ukitazama kwa macho, mlango umefungwa. Watu watatu wakiusukuma kwa bega, uko chini. Ieuan bila shaka aliusikia mlio huo huo, akabaki kuchunguza, na mwenye kazi yake akamkuta hapo.

Tegwared alitaka kuingiza mkono shimoni. Wa kulia haukuingia, kona ya ngazi inabana pale. Wa kushoto ukapita mpaka begani. Akatoa mawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, chokaa yenyewe inamomonyoka kama makapi. Akainua macho juu ya ukuta mpya, uliofunikwa majani na samadi ya ng'ombe tangu baridi ianze, maana chokaa ikipigwa na barafu haishiki. Hata watoto wa ngome wanajua. Wilkin angetumia kabari za mti. Huyu alikuwa mtu mwenye haraka, asiye fundi, aliyezima chokaa ya moto kwa maji na kuipakaza kwa mkono mtupu, gizani, mkono wa kushoto.

Na chokaa hiyo inachubua ngozi.

Mpishi, Hunydd, alikuwa na mkono umefungwa kitambaa. Tegwared akamweka kitako. Huyo mama akamwambia ni mchuzi wa mifupa umemmwagikia, na kama bawabu anataka kuona kidonda basi afungue, akimaliza aoshe na masufuria. Ulikuwa mkono wa kulia. Tegwared akamwomba radhi, akaazima birika na beseni la kunawia.

Mchana ukumbini, kabla ya mkate, yeye mwenyewe akapita kunawisha watu. Rhirid akanawa. Walinzi wakanawa. Akafika kwa Cynwrig, mtunza kozi, ndege wa bwana wa kuwindia, aliyekuwa kavaa glavu yake nene ya ngozi mkono wa kushoto.

"Nawa, mdogo wangu."

"Nina baridi. Nitakula na mmoja."

Mlinzi mmoja akatania kwamba glavu ya nini, na yule kozi walishamla supu juma lililopita. Watu wakacheka. Cynwrig hakucheka. Tegwared aliweka beseni chini, akaishika glavu akaivuta taratibu, kama alivyokuwa akimvua viatu utotoni. Vidole vilikuwa vyekundu, ngozi imebanduka mpaka kiganjani.

"Jana ulinipa asali," Tegwared alisema. "Ili nisilisikie komeo."

"Ili usiwe pale, kaka. Ningekukuta wewe, ningefanyaje?"

"Ungefanya ulichomfanyia Ieuan."

Cynwrig alikiri yote. Alisema walipatana na Waingereza waje Jumapili, wasipofunguliwa mlango, mtoto aliye rehani ananyongwa mbele ya lango. Rhirid akasema mtoto ni wake, na yeye kama baba alishakubali kumpoteza.

"Mtoto gani wako?" Cynwrig alimgeukia. "Waambie, Rhirid. Wako yuko kwa wamonaki, ananenepa. Aliyepelekwa ni Madog wangu, kavalishwa nguo za mwanao. Uliniapia kwa maziwa ya mama yangu kwamba hutapigana mpaka arudi. Halafu ukapigana."

Ukumbi mzima ukamtazama Rhirid. Tegwared alikuwa akiambiwa kila mwezi kwamba Madog, mtoto wa mdogo wake, anasoma kwa wamonaki na hajambo. Alingoja Rhirid akanushe. Rhirid alikuwa anajifuta mikono ambayo ilishakauka.

"Mfungueni mwashi," ndilo alilosema Rhirid. "Huyu mfungeni."

Tegwared alimfunga mwenyewe, fundo asiloweza kulifungua, kwa sababu Ieuan alikuwa na miaka kumi na tisa. Wilkin alipita karibu yao akisugua mikono. Kisha Tegwared akafungua funguo kiunoni, akaziweka kwenye beseni la maji machafu, mbele ya Rhirid.

"Shimo nimelisafisha," akasema. "Leo kafunge mwenyewe. Jumapili ukimsikia Madog analia nje, usikilize na hilo."

Jioni komeo lilivutwa, likagonga jiwe, du. Hata Cynwrig alilisikia kule stoo.