Joto la Kitanda cha Pili

Mafuta ya nywele ndiyo yaliyoanza kusema. Yalikuwa mafuta ya nazi ya kawaida, ndani ya kichupa cha mdomo mpana kilichokaa rafuni katika chumba cha watoto. Miaka yote, kiyoyozi kikiwashwa, yaliganda yakawa meupe, watoto wakagombania nani ayachokonoe kwa kucha. Sasa hayakuganda tena. Kiyoyozi kiliwaka tangu asubuhi, kinanguruma, kinakula umeme, na mafuta yanachezacheza ndani ya kichupa kama maji.

Mama Pacha aliliona hilo. Akakirudisha kichupa rafuni, akaendelea kutandika vitanda. Viwili. Mmoja wa pacha wake alifariki miezi minane iliyopita kwa homa ya siku tatu, na tangu mazishi mama huyu hakuwa amedondosha chozi. Watu walimsifu kwamba ana moyo mkubwa. Hakuwa na moyo mkubwa wala mdogo. Alikuwa amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ila mguu huzinduka. Alipika, alifua, alitandika vitanda viwili kwa sababu mikono yake ilijua viwili.

Aliyebaki aliitwa Mdogo, kwa kuwa alizaliwa dakika kumi baada ya mwenzake. Alikuwa na miaka minane, na alikuwa anapoa. Simaanishi tabia. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, midomo imepauka, na shuleni alivaa sweta kwenye jua kali huku wenzake wakimcheka. Hospitali walipima damu, mkojo na kifua, wakakuta kila kitu sawa, wakamwandikia dawa ya kuongeza damu. Alimaliza chupa nne. Mama akamwongezea uji, supu na soksi. Kila walichomtia hakikukaa.

"Chumba kina joto, mtoto ana baridi, mambo gani hayo?" baba yao aliuliza kwenye simu. Alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, nyumbani anakuja kama mgeni. "Tafuta fundi. Gesi imeisha hiyo."

Fundi wa kwanza, ambaye mtaa mzima ulimwita Jaza, alikuja mara mbili. Mara zote mbili alijaza gesi na kuondoka kabla jasho halijamkauka. Mara ya tatu hakupokea simu, ndipo jirani akatoa namba ya mwingine aliyeitwa Kipimo.

Kipimo alifika saa saba mchana, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, amebeba mfuko unaomzidi umbo.

"Habari za hapa, mama. Tatizo nini?"

"Gesi imeisha. Jaza tu."

"Nani kakwambia imeisha?"

"Si haipoozi?"

Kipimo aliuweka mfuko chini na kuvuta pumzi, kama mtu ambaye hotuba hii ameshaitoa kwenye nyumba mia. "Mama, hii siyo gesi ya jiko, kwamba umepika imepungua. Hii inazunguka humohumo ndani ya bomba, hata miaka kumi haiishi. Ukiona imepungua, ujue bomba limetoboka mahali. Sasa nikijaza bila kutafuta tundu, namwaga maji kwenye chungio. Acha kwanza nijue baridi inakwenda wapi."

"Haya," alisema Mama Pacha. Kwake ilikuwa sawa tu, tundu au gesi.

Fundi alianza na yale ambayo Jaza hakuwahi kuyagusa. Aliangalia rimoti kama imewekwa kwenye kupoza. Akafungua kifuniko, akachomoa chujio, akalimulika kwa tochi: safi. Akatazama mapezi ya ndani, yale mabati membamba yanayopoza hewa, kama yameganda barafu: hayakuganda. Akatoka nje, akasikiliza feni ya mashine ya nje, akatia mkono nyuma yake kuona kama hewa inapita. Kisha akafunga geji ya kupima gesi kwenye bomba. Gesi ilikuwepo, tena imezidi, kazi ya Jaza hiyo. Akaipunguza, akaivutia kwenye mtungi wake. Mwisho akapanda ngazi na kupima hewa inayoingia kwenye kiyoyozi, nyuzi ishirini na nane, na inayotoka, kumi na sita.

"Kimepona hiki," alisema, na uso haukufurahi. "Hakikuugua hata. Kinapoza inavyotakiwa."

"Mbona chumba hakipoi?"

"Ndiyo maana nauliza. Humu wanalala wangapi?"

"Wawili," alisema Mama Pacha. Halafu akatazama sakafu. "Mmoja."

Fundi aliandika mmoja. Alieleza kwamba swali hilo ni la kazi, kwa sababu kila mwili unatoa joto lake, na watu wakizidi, kiyoyozi kinazidiwa. Kisha akatoa kile kipimajoto chenye umbo la bastola, ambacho unakielekeza kwenye kitu na namba inajitokeza. Ukuta, ishirini na nane. Dari, ishirini na tisa. Kitanda cha Mdogo, ishirini na saba.

Kitanda cha pili, thelathini na saba.

Alifuta jicho la kipimo kwa shati, akapima tena. Thelathini na saba. Jua halikufika pale. Alipiga magoti akachungulia uvunguni akitafuta waya, akitafuta paka, akakuta ndala mbili ndogo zilizopangwa vizuri. Aliweka kiganja juu ya shuka. Lilikuwa na uvuguvugu wa kitanda ambacho mtu ametoka kuamka sasa hivi, na mto ulikuwa umebonyea katikati, na alipoinama karibu zaidi akasikia harufu ya dawa ya maji ya homa, ile tamu yenye ladha ya machungwa.

"Hapo halali mtu," alisema Mama Pacha mlangoni. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Akaenda zake jikoni kupakua.

Saa tisa gari la shule lilipiga honi getini. Mdogo aliingia na sweta lake. "Tumefika, mama!" Akamkuta fundi chumbani. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Pole na masomo."

Kutoka jikoni Mama Pacha aliita, kama alivyoita kila siku kwa miaka minane: "Njooni mle!"

Mdogo aliweka begi akatoka. Kipimo alikuwa bado ameelekeza bastola yake kwenye kitanda cha pili, kwa uzembe tu wa mkono, na ndiyo maana aliona. Chaga zililia. Ule ubonyeo wa mto ukajaa taratibu, namba ikaporomoka kutoka thelathini na saba hadi ishirini na nane kwa mara moja, na kitu chenye joto kikampita ubavuni, kwa urefu wa kiuno chake, kikaenda na nyayo zinazonatanata juu ya vigae kama za mtoto aliyetoka kuoga, zikimfuata Mdogo kwa hatua zilezile, mguu kwa mguu, ukumbini, mpaka jikoni, ambako kiti cha pili kilijivuta, ilhali Mdogo alikuwa amekwisha kukaa kwenye chake.

Fundi alifuata. Mezani kulikuwa na sahani mbili. Alielekeza kipimo kwenye kiti kitupu: thelathini na nane. Akakielekeza kwenye paji la Mdogo: thelathini na nne. Alisubiri. Kiti, thelathini na nane na nusu. Mtoto, thelathini na tatu na nusu.

Alimshika mama mkono, akamvuta mpaka ukumbini.

"Mama," alinong'ona, "umeita wangapi?"

"Nini?"

"Umesema njooni."

"Mazoea tu, fundi. Amkeni, kuleni, laleni. Nimezaa wawili, nitasemaje?"

"Jirani yako kaniambia ulizika mmoja, lakini ile 'ni' ya njooni imekubaki mdomoni. Miezi minane unaita wawili kwenye nyumba ya mtoto mmoja. Kuna kitu kimesikia kinaitwa, kikaitika. Mtoto wako haumwi. Anavuja. Mnamjaza dawa, mnamjaza supu, na joto lake lote linakwenda kwenye kile kiti."

Mama Pacha alitazama jikoni. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi aliuliza kitu ambacho kweli alitaka kujua jibu lake. "Ni mwanangu?"

"Mimi fundi wa baridi, mama, siyo mganga. Lakini pacha hawezi kumnyonya pacha wake hivi. Hilo ni jini. Limekuta kiti kitupu na mwenye nyumba anakaribisha."

"Nifanyeje?"

"Ita mmoja."

Ilikuwa kazi nyepesi, herufi mbili za kuacha. Mama Pacha alirudi akasimama mbele ya meza, akafungua mdomo, mdomo ukakataa. Maana akiita mmoja atakuwa amesema lile neno ambalo hakulisema hospitali, hakulisema makaburini, hakulisema kwenye simu kwa baba mtu, na baada ya hapo hakutakuwa na kitanda cha kutandika wala sahani ya kupakua wala mkono wowote duniani utakaojua viwili. Nyuma yake fundi alikuwa anasoma namba kwa sauti ya chini, iliyokauka: thelathini na tisa, arobaini, arobaini nukta sita. Hapo ikasimama. Mama Pacha aliijua namba hiyo. Ndiyo ya mwisho iliyoandikwa kwenye karatasi ya wodi ya mwanawe aliyefariki.

"Njoo," alisema.

Mdogo aliinua kichwa. Na kile kiti kingine kikasukumwa nyuma.

Lile jini lilizunguka meza likamjia, na hewa mbele yake ikapata joto, na joto likasimama pale hasa kichwa cha mtoto wa miaka minane kinapofika kwenye tumbo la mama yake, likaegemea, na harufu ya ile dawa ikachanganyika na harufu ya nywele zilizolalwa, na Mama Pacha ambaye kwa miezi minane maji ya moto yalimuunguza asishtuke, akahisi, akahisi mpaka kwenye mifupa, na mikono yake ikaanza kupanda yenyewe kukumbatia, na alijua kabisa kwamba ikifunga haitafunguka tena.

"Thelathini na mbili, mama," fundi alinong'ona. Hakuwa anasoma kiti. Mdogo alikuwa ameulaza uso mezani kando ya sahani, macho nusu wazi.

Mikono ya Mama Pacha ilisimama hewani.

"Si wewe," alisema. "Wewe sikukuzaa. Wangu amekufa. Nilimwosha mwenyewe. Ninayemwita ni huyu hapa."

Akapita katikati ya lile joto, likamchoma uso na kifua, akamshika Mdogo na kumpakata. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha nyayo zikasikika zikirudi nyuma polepole, mlango wa uani ukafunguka, na tambara lililolowa pale kizingitini likakauka likawa gumu kama gome. Mlango ukajifunga.

Kipimo alipima mpaka betri ikaanza kulalamika. Mtoto, thelathini na nne. Thelathini na tano. Baada ya saa nzima, thelathini na sita na nusu, na amevua sweta mwenyewe akiomba chakula kingine. Chumbani ilikuwa ishirini na tatu kila mahali, kitanda cha kwanza na cha pili, na mafuta rafuni yameanza kuwa meupe pembeni mwa kichupa. Mama Pacha alikaa sakafuni ukumbini, akalia kwa sauti, kilio cha miezi minane, na kilimuuma kweli, na alifurahi kwamba kinauma.

Fundi alimpa nafasi. Alipofunga mfuko wake alisimama mlangoni akisitasita.

"Mama, mimi nikiziba tundu huwa narudi siku ya pili kupima. Kuna tundu jingine linajificha nyuma ya lile la kwanza, hulioni mpaka la kwanza lizibwe. Nije kesho?"

"Hapana, fundi. Umeshasaidia vya kutosha. Asante sana."

Akaondoka. Mama Pacha alinawa uso. Alitoa shuka la kitanda cha pili, akalikunja, akatoa na zile ndala mbili uvunguni, akavifungia vyote kabatini. Jioni jua likiwa bado dirishani alipakua sahani moja. Ilionekana ndogo sana juu ya meza ile, lakini aliiacha ilivyo. Alisimama mlangoni mwa jikoni akajaribu neno kimoyomoyo, mara mbili, ndipo akaita:

"Njoo ule, mwanangu."

Lilitoka vizuri. Halikumkwama hata kidogo.

Kutoka chumbani alimsikia Mdogo akicheka na kunong'ona, halafu ikaja sauti yake changamfu, ile ambayo nyumba hii haikuwa imeisikia kwa miezi minane:

"Tunakuja, mama!"