Warsiti na Mtoto wa Mwenzake

Kila siku, baada ya sala ya alfajiri, Warsiti alimfunga mwanawe Gilang kifuani kwa kitambaa cha batiki, akaenda sokoni kuuza tempe, vipande vya soya iliyochachushwa. Meza iliyopakana na yake ilikuwa ya Murtini, muuza pilipili. Watoto wao walikuwa na umri mmoja, miezi minne. Lakini Danu wa Murtini alikuwa mnene, mapaja yamejaa mikunjo.

Wateja walimfinya Danu mashavu, wakacheka naye. Kisha walimgeukia Warsiti.

"Na huyu wako, mbona kadogo hivi?"

"Ndivyo alivyo, mama."

"Maziwa yako ni maji matupu, binti yangu."

Warsiti alitabasamu, lakini moyo ulimchoma. Hakumchukia mteja. Alimchukia Murtini. Siku Danu alipopata mafua, Warsiti alifurahi kidogo, Mungu amsamehe.

Jumanne moja alikuja mwanamke mwenye kikapu, ambaye hawakumfahamu.

"Mtoto huyu ana njaa! Mkwangulie ndizi kwa kijiko. Wangu saba nimewalea kwa ndizi tangu siku arobaini."

"Mkunga alisema hadi miezi sita, mama."

"Huyo mkunga amezaa wangapi?"

Watu wakaangua kicheko. Murtini naye akacheka.

Kicheko cha Murtini ndicho kilichomshinda. Alipofika nyumbani, Warsiti alikwangua nusu ndizi. "Kula, mwanangu. Utampita yule," alisema. Kesho yake akampa tena. Siku ya tatu Gilang hakupata choo. Tumbo likawa gumu. Akatapika, akakataa hata ziwa.

Warsiti alimbeba mbio hadi kwa Bibi Kasminah, mhudumu wa afya anayepima watoto uzito mtaani kwao kila mwezi.

"Umempa nini?"

Warsiti aliinamisha kichwa. "Ndizi, bibi."

"Twende zahanati. Sasa hivi."

Wakaenda. Gilang alitibiwa, na kabla ya jua kuzama alikuwa ananyonya tena. Hapo ndipo Bibi Kasminah alipokaa karibu na Warsiti.

"Tumbo la mtoto huyu halijawa tayari kwa chakula. Mpe ziwa tu, kila anapotaka, mchana na usiku. Hata maji usimpe, mpaka atimize miezi sita."

"Lakini amekonda, bibi! Mtazame Danu!"

"Lete kadi yake ya uzito. Hii ni kadi ya Danu?"

"Hapana."

"Basi mwache Danu na ya kwake. Gilang alizaliwa na kilo mbili na nusu. Sasa ana karibu kilo sita. Fuata nukta hizi za uzito kwa kidole. Zinashuka?"

Warsiti alifuata polepole. "Zinapanda."

"Anakojoa mara ngapi kwa siku?"

"Sita. Pengine saba."

"Maziwa yanatosha. Nukta zingelala au kushuka, ningekuwa wa kwanza kukwambia."

"Na wale wa sokoni?"

"Midomo yao huiwezi. Sema, 'Asante mama, nitamuuliza mkunga.' Kisha mfungie tempe yake aende."

Warsiti alifanya hivyo. Wengine walinuna, lakini tempe walinunua. Kumwonea Murtini wivu hakukuisha kwa siku moja. Aliomba Mungu amwondolee, na bado macho yalikwenda kwenye yale mapaja ya Danu.

Wiki mbili baadaye mzee mmoja, mgeni pale sokoni, alisimama mbele ya Murtini.

"Mtoto mnene hivi ni ugonjwa! Mpunguzie ziwa, mpe chai."

Warsiti alihisi raha, kisha akaona haya. Mkono wa Murtini ulikuwa tayari umeshika birika lake la chai lililokuwa mezani.

"Asante mzee," Warsiti alisema kwa sauti. "Tutamuuliza mkunga. Pilipili unataka, au umekuja kutulelea watoto?"

Mzee alinunua pilipili, akaondoka.

"Nyumbani kila siku wananiambia hivyo," Murtini alisema, akifuta macho. "Nami nakuonea wivu wewe. Wako mwepesi, anajigeuza. Wangu hata kichwa anainua kwa shida."

"Weka birika chini, shoga. Siku ya kupima twende wote, tumuulize Bibi Kasminah."

Walikwenda. Kadi zilikuwa mbili, na nukta za zote mbili zilikuwa zimepanda. "Danu naye ziwa tu, bila chai," alisema Bibi Kasminah, "na mlaze kifudifudi akiwa macho, shingo ipate nguvu." Safari hii Warsiti aliangalia ya Gilang kwanza.