Redio ya Mama na Volti Kumi na Mbili

Nyumba ya mshonaji haikujua kimya. Mchana kutwa cherehani ilinguruma chumba cha mbele, na juu ya kabati redio ilizungumza. Redio yenyewe ilikuwa ya zamani, yenye sanduku la mbao, kioo cha namba na betri nne kubwa. Ilikuwa ya mama wa mshonaji huyu. Mama naye alikuwa mshonaji, na aliinunua kwa jasho lake kabla binti huyu hajazaliwa.

Ah, redio za siku zile! Unazungusha kitufe taratibu, inakoroma, inapiga mluzi, mara mtu anakusalimu kutoka mbali. Mama hakuwa na subira ya kutafuta kituo. Alibandika vipande vya uzi kwenye kioo: mwekundu kwa muziki, wa buluu kwa habari. Mtoto akikigusa kile kitufe, mama alimkata jicho.

Mama alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Redio ikabaki ya baba, mpiga chapa mstaafu. Kila alasiri baba aliketi chini ya kabati, akatega sikio, mguu ukipigapiga sakafu. Mshonaji akimwona hivyo, aliwakumbuka wote wawili walivyokuwa.

Mwaka huu baba alipata mtoto wa jicho. Alikwenda kupasuliwa mji mwingine, akapumzika huko kwa mwanawe wa kiume. Jumatatu akapiga simu.

"Mama, hujambo?" Ndivyo alivyomwita binti yake. "Narudi Ijumaa. Daktari amenikataza kusoma mwezi mzima."

"Pole, baba. Utachoka kukaa bure."

"Bure kwa nini? Redio si ipo?"

Mshonaji alifurahi, akataka kumwandalia jambo. Betri za redio zilikuwa zinaisha kila mara. Mume wake, dereva, alikuwa na betri ya lori chumbani, ya kuwashia taa umeme ukikatika. Mshonaji akachukua nyaya mbili. Nyuma ya redio paliandikwa volti sita. Kwenye betri ya lori paliandikwa volti kumi na mbili. Aliziona namba zote mbili, hakuwa kipofu.

"Nguvu ikizidi, sauti itazidi," akajisemea. "Baba atasikia hata akiwa uani."

Haya. Sauti ilizidi kweli, kwa muda wa kumeza mate mara mbili. Kisha redio ikakwaruza. Harufu ya kuungua ikatoka. Mshonaji akarusha nyaya chini, lakini redio ilikuwa kimya. Aliirudishia betri zake nne. Kimya. Akaipiga kofi kidogo, kama baba alivyozoea. Kimya vilevile.

Mume wake alimkuta amekaa sakafuni, redio mapajani, machozi yanamtoka.

"Mke wangu, nani amekufa?"

"Nimeiunguza redio ya mama."

Mume akajikuna kichwa. "Tutanunua nyingine. Mzee mwambie ilikufa kwa uzee. Kwani vitu havizeeki?"

Moyoni mshonaji alijua kwamba uongo huo ungekuwa rahisi, na hilo ndilo lililomtisha.

Kesho yake aliifunga redio kwenye kitenge, akaipeleka kwa Mama Kipimo. Huyu alikuwa fundi wa redio, mwenye kibanda nyuma ya posta. Watu walimpa jina hilo kwa sababu hakugusa kitu kabla ya kukipima. Walimtania kwamba hata chai huipima kwanza, ndipo ainywe. Yeye hucheka tu. "Aliyeungua ulimi ni nani, mimi au nyinyi?"

Mshonaji alimweleza yote. Mama Kipimo akafungua redio, akainusa, akachomeka ncha za kipimo chake hapa na pale.

"Kumi na mbili kwenye sita," akasema. "Dada yangu, ungempa mtu chakula cha watu wawili kwa lazima, angepona?"

"Nisamehe, fundi. Nilidhani itapata nguvu."

"Njoo uone." Akamwonyesha vitu viwili vidogo kama punje za maharage, kila kimoja na miguu mitatu. "Hizi ni transista. Hizi mbili ndizo zilizokufa."

"Vidogo hivi? Vinafanya kazi gani?"

"Wewe una cherehani ya mota?"

"Ninayo."

"Inashona kwa nguvu ya mguu wako?"

"La, kwa umeme wa ukutani."

"Na mguu unafanya nini?"

"Nikikanyaga pedali kidogo, inakwenda polepole. Nikiongeza, inakimbia. Mguu unaamuru tu."

"Basi umeshaijua transista!" Mama Kipimo akagonga meza. "Ina miguu mitatu. Umeme mkubwa wa betri unataka kupita kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Mguu wa tatu ndio pedali. Ukiupa umeme kidogo, unafungua njia kidogo. Ukiongeza kidogo tu, njia inafunguka zaidi. Umeme mdogo unauamuru umeme mkubwa."

Mshonaji akakunja uso. "Sasa nani anakanyaga hiyo pedali ndani ya redio?"

"Sauti ya mtangazaji. Inafika hapa na mawimbi ya hewani, lakini imechoka, haina nguvu hata ya kumwamsha mbu. Betri ina nguvu, lakini haina la kusema. Transista inawakutanisha. Sauti dhaifu inakanyaga pedali maelfu ya mara kwa sekunde, na umeme wa betri unaufuata mwendo uleule. Ndiyo maana unasikia kwa nguvu."

"Makubwa haya! Na mimi miaka yote nasikiliza tu."

"Na ndani ya simu yako ziko nyingi zaidi ya watu wote duniani. Ni ndogo mno, huwezi kuziona. Zile kazi yake ni kufungua na kufunga, kufungua na kufunga. Kwa kufanya hivyo simu inahesabu na kukumbuka."

"Zinatengenezwa na nini?"

"Waya wa shaba unapitisha umeme vizuri. Plastiki inakataa kabisa. Kuna vitu vya katikati, havikatai wala havikubali moja kwa moja. Vinaitwa nusu vipitishi. Kimoja ni silikoni, nayo hutolewa kwenye mchanga. Wanaisafisha sana, kisha wanaichanganya na kitu kingine kidogo mno, kama hamira kwenye unga. Hapo inakubali kuamriwa. Hizi zako ni za aina ya zamani zaidi, za nusu kipitishi kingine kiitwacho jermaniamu, na adui yake mkubwa ni joto. Zikipata joto, zinapitisha umeme zaidi. Umeme ukizidi, joto linazidi. Joto likizidi, umeme unazidi tena. Mwishowe zinajiunguza zenyewe."

Mshonaji akainama. "Zinapatikana?"

"Mpya hazipo dukani. Tena hizi hufanya kazi mbili mbili. Moja inasukuma, nyingine inavuta. Lazima zilingane, kama makali mawili ya mkasi wako."

Akatoa kopo la zamani la peremende. Humo alikuwa amehifadhi transista za redio zilizokufa. Akaanza kupima. Ya kwanza imeungua. Ya pili dhaifu. Ya tatu nzima kabisa, akaiweka pembeni. Ya nne imeungua. Ya tano, ya sita, ya saba, hakuna inayolingana na ile. Mshonaji alihesabu huku akisali kimoyomoyo. Kopo lilibaki na mbili tu.

"Hii imekufa," alisema Mama Kipimo. Akachukua ya mwisho, akaitazama sindano ya kipimo ikipanda. Akapima tena. "Dada, hii inalingana na ile. Una bahati ya mtende."

Alizichomea transista hizo mbili kwa risasi iliyoyeyushwa, huku amebana kila mguu kwa koleo, ili joto liishie kwenye koleo lisizifikie transista. Kisha akafunga pia kifaa kidogo pembeni. "Hiki nacho ni cha nusu kipitishi. Kinapokea volti kumi na mbili, kinatoa sita. Sasa betri ya lori unaweza kuitumia. Lakini siku nyingine soma namba, na uzifuate. Chombo kina kipimo chake, hakiongezewi kwa mapenzi."

Akawasha. Redio ikakoroma, ikapiga mluzi, na mtu akasalimu kutoka mbali. Mshonaji alilia tena, safari hii bila aibu.

Ijumaa baba alifika, amevaa miwani myeusi. Aliketi mahali pake na kuwasha redio. Akasikiliza kwa muda mrefu, mguu umetulia.

"Mama," akaita. "Sauti hii imebadilika."

Mume wa mshonaji akasema haraka, "Ni uzee tu, mzee. Vitu vinazeeka!"

Mshonaji alimtazama mumewe, kisha akapiga magoti mbele ya baba yake. "Si uzee, baba. Niliiunguza mimi. Niliipa volti kumi na mbili. Fundi ameiwekea transista mbili nyingine. Nisamehe, ilikuwa ya mama."

Mabega ya baba yakaanza kutikisika, na mshonaji akadhani analia. Kumbe mzee anacheka.

"Mwanangu, hata mimi niliwahi kuiunguza. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Niliweka betri kinyume, nikaipeleka kwa fundi kwa siri, nikairudisha kabla mama yako hajatoka sokoni."

"Mama alisemaje?"

"Hakujua." Kicheko kikamwisha. "Kila siku nilisema nitamwambia kesho. Tuliishi pamoja miaka thelathini na nane, na sikumwambia." Akaupapasa mkono wa binti yake mpaka akaushika. "Wewe umenishinda, mama. Umesema wakati mwenye kusamehe bado yupo."