Maji ya Rejeta

Kitu cha kwanza kilichomkera Fundi Hashimu ni ubaridi wa boneti. Saa sita mchana, jua la mtaa wa Chuno linachoma utosi, gari limesimama uwanjani kwake tangu asubuhi, na bado boneti lilikuwa baridi kama mtungi. Akajipangusa mkono kwenye ovaroli, akasema ni sababu ya rangi. Rangi gani hiyo, hakusema.

Hashimu alikuwa fundi umeme wa magari, na mbishi wa kupindukia. Majini na mapepo, alipenda kusema, ni ya watu wasio na mita ya kupimia.

"Jana lilinifikisha mjini salama," alieleza Americo, mwenye gari, mfanyabiashara wa ufuta kutoka Kilambo, kule mtoni. "Nikalizima. Tangu hapo nikipiga stata, kimya. Leo asubuhi tumelisukuma mpaka hapa."

Hashimu akapima betri: nzima. Akakwangua terminali, akachomoa fyuzi moja moja, akabadilisha rilei. Kimya. Akaifungua stata, akaiweka chini, akaiunganisha na betri kwa waya. Ikazunguka vizuri kabisa. Akairudisha mahali pake, akawasha. Kimya!

"Hili gari lina dharau," akasema, jasho linamtoka. "Tulisukume kivulini."

Kufika kwenye kivuli cha ukuta ilibidi waligeuze. Americo akajaribu ufunguo na gari likawaka mara moja. Wakacheka. Wakalirudisha lilivyokuwa, wakalizima, wakawasha tena. Kimya. Mara tatu walifanya hivyo, na mara ya tatu hakuna aliyecheka, maana wote wawili walikuwa wameshaona: likielekea kibla haliwaki, likikipa kibla mgongo na kutazama kusini, kwenye mto, linawaka hata kabla ufunguo haujafika mwisho.

Ndipo Hashimu akasikia maji. Gari limezimwa, halitikisiki, lakini ndani ya rejeta maji yalikuwa yanapiga, chwa, chwa, na harufu ya tope la mikoko ikapanda mpaka kooni.

"Maji haya umeyatoa wapi?" akauliza.

Americo akateremsha sauti. "Rejeta ilikauka njiani jana mchana. Nikachota kwenye kidimbwi kando ya Ruvuma. Bibi yangu alitukanya tangu utoto, pale usichote jua la utosi, na ukichota piga hodi kwanza, mwenyewe akuruhusu. Nilikuwa na haraka, fundi. Sikupiga. Tuyakinge kwenye dumu, niyarudishe."

"Maji yana mwenyewe? Toka hapa!" Hashimu akainama na spana.

"Baba Tatu!" Mkewe alikuwa amesimama mlango wa jiko, amesikia yote. "Usiyamwage hapa. Mtoto anacheza hapa. Nakusihi."

Tatu alikuwa na miaka sita, amechuchumaa karibu na jiko anafinyanga maandazi ya tope. Aliitwa Tatu kwa kuwa ni wa tatu. Wawili waliomtangulia wako makaburini, na baada yake mama yake hakushika mimba tena.

"Mdharau mwiba mguu huota tende," mkewe akaongeza.

"Na mwoga wa maji haogi," Hashimu akajibu, akafungua.

Rejeta ile ilikuwa ya lita saba. Yalitoka maji ya ndoo nne, meusi, ya baridi, hayakwenda mtaroni kulikoinama, yakapanda taratibu kuelekea jikoni, yakamfikia Tatu miguuni, na mtoto akacheka kama anayetekenywa. Kisha yakanywewa na mchanga.

Wakajaza maji ya bomba. Gari likawaka likitazama kibla. Americo akaondoka bila kuaga, bila kutazama nyuma.

"Umeona?" Hashimu akamwambia mkewe. Mkewe alikuwa anamwita Tatu aje ale, na Tatu alikuwa hainuki.

"Miguu haitaki, mama."

Hashimu akambeba, akamlaza mkekani, kichwa kikielekea kibla. Akaishika miguu, nayo ilikuwa na ubaridi ule ule wa boneti. Akamkuna unyayo, mtoto akasikia. Akamgonga goti, likaruka. Akamwambia chezesha vidole, akavichezesha vyote kumi. Kila kitu kilikuwa kizima, kila kitu kilifanya kazi, na walipomsimamisha, uso kibla, alianguka kama nguo iliyokatikiwa kamba, mara moja, mara mbili, huku mama yake akisoma Ayatul Kursi kwa sauti inayokatikakatika na ile harufu ya tope la mikoko ikitoka sasa kwenye nywele za mtoto.

"Mgeuze," mkewe akanong'ona.

"Sitaki."

"Unajua kama ninavyojua mimi. Mgeuze, Hashimu."

Tangu waoane hakuwahi kumwita kwa jina. Kwa mara ya kwanza maishani Hashimu aliogopa kujaribu kitu ambacho alijua kitafanya kazi. Akamshika mtoto mabega. Akamgeuza taratibu, kibla mgongoni, uso kusini.

Tatu akasimama.

Akasimama wima bila kushikwa, akapiga hatua kuelekea getini, na kila alipokanyaga palibaki alama ya maji. Hashimu akamkimbilia, akapiga magoti mbele yake, akamzuia kwa mikono miwili.

"Mwanangu, unakwenda wapi?"

Mtoto akamtazama kama mtu mzima anavyomtazama mtu asiye na adabu.

"Nyumbani," akasema. "Mlinichota bila hodi. Na mimi nimeingia bila hodi. Nipishe, fundi."