Ubeti wa Nane Usio na Mwenyewe

Kila asubuhi Karani na mama yake walipishana kama walinzi wa zamu. Mama alikuwa muuguzi katika wodi ya majeraha ya moto. Wiki za zamu ya usiku alifika nyumbani saa kumi na mbili na nusu, miguu imevimba, nguo zinanukia dawa, na Karani ndiyo kwanza anatafuta soksi ya pili. Baba alifanya kazi mbali, akija mwisho wa mwezi. Usiku Karani alibaki na shangazi yake, mtu mwema sana ambaye akishalala hata ungepiga ngoma kichwani pake asingegeuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Chai umeniachia, au umeniachia kikombe tu?"

Karani halikuwa jina lake. Wenzake wa darasa la sita walimwita hivyo kwa sababu alipenda kuorodhesha mambo: nani kachelewa, nani kaazima rula hajairudisha, nani kafuta ubao nusunusu. Hakukosea mara nyingi. Tatizo ni kwamba alilijua hilo kupita kiasi.

Ndiyo maana mwalimu wa fasihi alipoanzisha kikundi cha ushairi chenye wanafunzi kumi na watatu, daftari la kikundi alikabidhiwa Karani. Mwalimu aliwafundisha namna ya kutunga kwa kupokezana, kama walivyofanya washairi wa Japani tangu zamani. Mtu wa kwanza anaandika ubeti wa mistari mitatu. Wa pili anausoma na kuujibu kwa mistari miwili. Wa tatu anaujibu huo wa pili tu kwa mistari mitatu, na hivyo hivyo hadi mwisho. Hakuna anayeweka jina, kwa sababu shairi ni la wote.

"Mtatunga juu ya nini?" waliuliza.

Mwalimu aliwasimulia habari za miji miwili ya nchi hiyo hiyo ya Japani iliyoangushiwa mabomu ya nyuklia. Aliwaambia kwamba katika mji wa kwanza ilikuwa saa mbili na robo asubuhi, watu wanakwenda kazini na watoto wako njiani. "Vitabuni mtasoma idadi ya waliokufa," alisema. "Mimi sitaki idadi. Nataka mtu mmoja mmoja."

Karani aliandika kanuni juu ya jalada kwa wino mzito: WEWE UNAYESHIKA DAFTARI HILI, SOMA UBETI WA MWISHO TU. MISTARI MITATU IJIBU KWA MIWILI, MIWILI KWA MITATU. ANDIKA WAKO KWA HERUFI KUBWA, BILA JINA. FUNIKA. PITISHA. Kila aliyemaliza alisogeza karatasi ya kufunikia na kuibana kwa kibanio, hivi kwamba anayefuata aone ubeti mmoja tu.

Daftari lilizunguka nyumba kwa nyumba. Karani alikuwa wa saba. Ubeti aliopokea ulisema: *Kiatu kimoja mlangoni, mguu wake haukurudi.* Alikaa nao jioni nzima, akaandika:

*Mama anaita
jina moja barabarani;
vivuli tu vinageuka.*

Asubuhi yake alikwenda uani kupiga viatu rangi. Aliporudi, mama alikuwa mezani akimalizia chai, na daftari liko pembeni ya kikombe. Karani alilitia mkobani bila kulifungua, maana kanuni ni kanuni, akalipeleka kwa aliyefuata.

Aliyefuata alikuwa Twiga, rafiki yake wa chanda na pete tangu darasa la kwanza. Twiga alikuwa msichana mrefu kuliko wavulana wote wa darasa, na baba yake aliuza vitabu vikuukuu karibu na stendi.

Jumatatu iliyofuata daftari lilikamilisha safari yake. Mwalimu aliondoa karatasi ya kufunikia na kuanza kusoma. Alisoma ubeti wa Karani, akaendelea na uliofuata:

*Anaomba maji. Natafuta mkononi mwake
mahali pa kumshika pasipouma.*

Mwalimu akausoma tena, polepole. Feni ilipeperusha ukurasa, akaubana kwa kidole. Kisha akasoma beti zilizobaki, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena.

"Nyinyi mko kumi na watatu," alisema. "Beti ziko kumi na nne. Nani ameandika mara mbili?"

Hakuna aliyeinua mkono. Kila mmoja alitaja ubeti wake, na ule wa nane ukabaki peke yake bila mwenyewe.

Mwalimu alikuna kidevu. "Huu haukuandikwa na mtu aliyekisia. Kama umenakiliwa kitabuni, siwezi kuubandika ukumbini Ijumaa mbele ya wazazi, niwaambie ni kazi yenu. Itabidi niuondoe. Na nikiuondoa huo, ubeti unaofuata utakuwa unamjibu nani? Shairi lote litafumuka kuanzia hapo."

Karani alimtazama Twiga. Ubeti ule ulikuwa baada ya wake na kabla ya wa Twiga, na daftari lilitoka mkononi mwake likaingia mkononi mwa Twiga. Nani mwingine?

"Mimi niliukuta," Twiga alisema walipotoka nje. "Nilikuta mistari miwili, nikaijibu kwa mitatu. Nilidhani ni yako!"

"Mimi niliandika mitatu."

"Basi sijui."

"Hujui," Karani alirudia, kwa sauti ya mtu anayeandika neno hilo mahali.

Na kweli aliliandika. Alitoa kijitabu chake na kuanza orodha mpya. *Moja: baba yake ana vitabu. Mbili: aliposomewa ubeti alitazama chini. Tatu: ametokwa jasho.* Siku hiyo kila mtu alitokwa jasho, hata mwalimu, lakini mtu akishashuku, jua nalo hugeuka shahidi.

Jumanne, wenzake walipokwenda kucheza, Karani alifungua dawati la Twiga. Alikuta rula, ganda la chungwa na picha waliyopiga wawili siku ya michezo. Alifunga haraka, na badala ya kuona haya akaongeza: *Nne: ameficha kitabu nyumbani.*

Baada ya shule alikwenda kwenye meza ya baba yake Twiga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu! Leo mwenzako yuko wapi?"

"Yupo. Nilikuwa... natafuta vitabu vya mashairi."

Mzee wa watu alifurahi mpaka akavua miwani. Alimshushia rundo zima na kumpa kigoda. "Kaa, soma bure. Watoto wa siku hizi mashairi wanayakimbia." Karani alipekua kurasa mpaka vumbi likampigisha chafya kumi na moja. Ubeti wenyewe hakuuona. Wakati wa kuondoka yule mzee alimpa kijitabu kimoja kama zawadi, naye akashindwa kumtazama machoni. Aliona aibu, lakini aliimeza.

Jumatano maneno yalikwisha kuenea, na aliyeyaeneza ni Karani, akimnong'oneza huyu na yule "usimwambie mtu". Darasa likagawanyika. Wengine walisema lisemwalo lipo, wengine wakasema Karani mwenyewe ndiye aliyeandika mara mbili ili asifiwe. Watu wakaanza kufunika madaftari kwa viwiko. Hakuna aliyeazimana kalamu. Mvulana mmoja aliyetafuta kifutio chake alimpekua jirani yake mifuko na kumnyang'anya kofia, jirani naye akamsukuma. Kisha kila upande ukaanza kukusanya makosa ya upande wa pili, kwa tahadhari tu, walisema, endapo wale wataanza.

Twiga alimkabili Karani mbele ya bomba la maji.

"Unasema mimi mwizi?"

"Nasema ubeti una mwenyewe."

"Nyani haoni kundule! Kuna aliyekuona ukifungua dawati langu. Nani mwizi sasa?" Macho ya Twiga yalikuwa yamejaa machozi. "Nilipousoma ubeti ule nilijua ni wako. Niliona wivu, lakini nilijivunia pia, kwamba rafiki yangu anaweza kuandika hivyo. Natoka kwenye kikundi chenu. Uondoeni, na wangu pia uondoeni."

Lakini orodha ya Karani ilikuwa na mambo tisa na yote yalimwambia asiamini machozi.

Alhamisi alasiri mama alikuwa na mapumziko. Alikuwa akipiga pasi sare yake nyeupe, na Karani amekaa karibu naye, hajagusa chakula.

"Lile shairi lenu limefikia wapi?" mama aliuliza bila kuinua macho. "Yule aliyenipokea mimi aliandika nini?"

Kijiko kilimponyoka Karani.

"Aliyekupokea wewe?"

"Eh. Si niliandika? Nililikuta mezani nikinywa chai. Limeandikwa juu, wewe unayeshika daftari hili. Nikalishika. Nikasoma ubeti wa mwisho tu, nikaandika wangu, nikafunika." Mama aliweka pasi chini. "Nilifuata kanuni zote. Au nilikosea mistari?"

Mambo yote tisa yalimrudia Karani moja moja, na kila moja lilikuwa upuuzi. Alilia kwa kwikwi, akamweleza mama yote, kuanzia dawati hadi vumbi la vitabu.

Mama alimwacha amalize. Kisha akavuta kigoda.

"Kosa la kwanza ni langu. Ningekuuliza kwanza kama na sisi wakubwa tunaruhusiwa. Usiku ule tulikuwa na mpishi aliyelipukiwa na mtungi wa gesi. Aliomba maji, nami nilitaka kumshika mkono asiogope. Nikautazama mkono wote, sikuona pa kushika. Mwisho nilimshika kidole kidogo. Niliporudi nikamkuta yule mama wa kwenye ubeti anaita barabarani. Nikawaza, mpishi wetu ni mmoja, na ana dawa, na taa, na wauguzi watatu. Kule uliungua mji mzima, na wauguzi wakaungua pamoja na wagonjwa. Nani alimshika nani? Sikuweza kwenda kulala bila kuandika."

"Na mimi nimemwita Twiga mwizi."

"Basi mwenye kumwondolea jina hilo ni wewe. Mimi nitasema yangu kwa mwalimu. Yako huwezi kunitwisha."

Hakungoja kesho. Karani alikwenda kwanza kwenye meza ya vitabu, akakirudisha kile kijitabu kwa mikono miwili na kumweleza yule mzee alichokuwa akitafuta kweli siku ile. Mzee alikipangusa vumbi, akamrudishia. "Kaa nacho," alisema, "lakini safari hii kisome." Akamwonyesha Twiga alipokuwa, nyuma ya marundo ya vitabu, akiyapanga kwa hasira.

"Ubeti ni wa mama," Karani alisema. "Aliuandika mezani kwetu. Hukuiba, wala hukudanganya. Mimi ndiye niliyedanganya, nilipomwambia baba yako nimekuja kusoma. Nisamehe."

Twiga aliendelea kupanga. Vitabu vitatu vikapita. "Kijitabu chako kiko wapi? Kile cha orodha."

Karani alikitoa. Twiga alisoma ukurasa mzima, akafika kwenye jasho, na mdomo ukamcheza. "Nimetokwa jasho! Siku ile hata feni ilitokwa jasho." Akaichana karatasi hiyo, lakini hakumkumbatia. "Kesho utasema mbele ya wote," alisema. "Ulinichafua mbele ya wote."

Ijumaa asubuhi Karani alisimama mbele ya darasa na kusema yote, bila kujitetea. Mama yake, bado amevaa sare, alisimama mlangoni na kusema lake. Yule mvulana wa kifutio akamrudishia jirani yake kofia.

"Ubeti unabaki," mwalimu alisema. "Tutaandika chini kwamba umetungwa na muuguzi. Lakini kaeni kwanza. Mmetunga shairi juu ya bomu, na wiki ile ile lilipokamilika mmeniundia vita humu ndani. Mmoja alishuku, hakuuliza, akakusanya. Mwenzake alipoona anakusanyiwa, naye akakusanya. Mataifa nayo hujaza maghala yao ya silaha hivyo hivyo, kila moja likisema ni tahadhari tu, endapo wale wataanza. Mkiwa na shaka na mtu, mwendeeni mkamuulize, na mkimuuliza, msikilizeni. Kuuliza hakujawahi kumuunguza mtu."

Akageukia daftari. "Shairi limeishia kwenye mistari miwili." Akausoma ubeti wa mwisho: *Mwaka wa pili, kati ya majivu, jani moja limeuliza njia.* "Panahitajika mistari mitatu. Karani, Twiga, njooni. Kalamu ni moja."

Walisimama bega kwa bega, kwa kweli bega kwa kiwiko, kwa jinsi Twiga alivyokuwa mrefu. Karani aliandika mstari wa kwanza, Twiga wa pili, na wa tatu walibishana kidogo, kisha wakauandika pamoja. Mchana huo wazazi waliusoma ubeti huo ukumbini, na mama yake Karani alisimama mbele ya karatasi muda mrefu kuliko wote:

*Jirani, fungua mlango.
Nina swali tu mkononi,
sina jiwe.*