Kola ya Kishingo

Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, Fundi aliwafungulia kuku wake na kuwamwagia pumba. Mayai yao ndiyo yaliyokuwa kitoweo cha watoto. Aliwapenda wote, lakini kipenzi chake alikuwa Kishingo, kuku jike asiye na manyoya shingoni.

Shingo ile nyekundu ilimtia Fundi huruma. Alidhani ni ugonjwa wa kunyonyoka. Wakati wa baridi alichukua kipande cha flana kilichobaki kwenye nguo ya mteja, akamshonea Kishingo kola. Kola ya kweli, yenye kifungo. Mumewe alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema mke wake akiona kitu kiko uchi, lazima akivishe.

Fundi hakuishia hapo. Aliziba madirisha ya banda kwa nailoni ili upepo usiingie. Baridi ikaisha, joto likaja, na nailoni ikabaki palepale. Kola nayo ikabaki.

Siku moja mwewe alikuwa akizunguka juu ya ua, kwa hiyo Fundi aliwafungia kuku bandani. Jua lilikuwa kali. Mchana binti yake mdogo alikuja anahema.

"Mama, Kishingo anakufa."

Fundi aliacha sindano ndani ya nguo akakimbia. Kuku wote walikuwa wameachama midomo. Mabawa yao yalining'inia mbali na mwili, na koo zao zilichezacheza. Kishingo alikuwa amelala pembeni, macho yamefumba nusu.

Neno moja tu lilimjia Fundi kichwani: kideri. Ugonjwa huo ulikuwa umewahi kufagia banda zima la jirani. Aliona koo zile zinazocheza akadhani kuku wanatetemeka kwa homa. Akaleta gunia akamfunika Kishingo.

Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amerudi kula. Alichungulia bandani, akaenda kunoa kisu. Alisema wawachinje wote haraka, kwani wakifa wenyewe watakosa hata nyama. Fundi alisikia kisu kikipita juu ya jiwe. Alimtuma binti amwite Dada Mifugo, kisha akamsihi mumewe angoje. Mume alikubali kungoja, lakini kisu hakukiweka chini.

Dada Mifugo alikuwa jirani yao na mtaalamu wa mifugo. Watu walizoea kumwita mtu wa kazi hiyo Bwana Mifugo. Yeye alipokuja, ilibidi jina libadilike. Alifika, akaingiza kichwa bandani, akakitoa upesi.

"Shemeji, weka kisu, ung'oe nailoni hii," alisema. "Humu ndani ni tanuri."

Gunia likatolewa, nailoni ikang'olewa, maji baridi yakaletwa. Dada Mifugo alichunguza kinyesi cha kuku. Hakikuwa cha kijani. Alitazama shingo zao. Hakuna iliyopinda. Alisikiliza kama kuna anayekohoa. Kisha akauliza kama wamechanjwa kideri, na Fundi akasema ndiyo.

"Sioni dalili za kideri," alisema. "Ni joto. Kuku hatoki jasho kama sisi. Akipata joto anaachama na kutweta, unyevu unatoka mdomoni, mwili unapoa. Ndivyo mwili wake unavyofanya kazi."

"Na mabawa?" Fundi aliuliza.

"Anayaachanisha na mwili ili hewa ipite. Angekuwa nje angetafuta kivuli mwenyewe. Hiyo ni tabia yake ya kujiokoa. Sasa nyinyi mmemfungia."

Hapo akamwona Kishingo. Aliinama, akaishika ile kola, akamtazama Fundi.

"Dada, hii nini?"

Fundi aliona haya. Alieleza kuhusu baridi na huruma.

"Huyu si mgonjwa. Kaumbwa hivyo," Dada Mifugo alisema taratibu. "Kwenye ngozi tupu joto linatoka kwa urahisi. Shingo hii ndiyo dirisha lake. Na wewe umelifunga kwa kifungo."

Fundi alijaribu kukifungua kifungo. Vidole vilivyozoea vifungo kila siku vilikataa kutii. Mwishowe kikafunguka. Dada Mifugo alimhamishia Kishingo kivulini, akamlowesha miguu kwa maji kidogo. Fundi aliomba kimoyomoyo.

Kishingo alifumba mdomo. Akaufungua tena. Kisha akainuka akayumba, akaenda kwenye maji, akanywa. Fundi alikaa chini pale pale kwenye vumbi akalia.

Dada Mifugo aliwaonya kwamba kuku wakiugua wasikimbilie kuwachinja, maana damu na manyoya huweza kusambaza ugonjwa. Kwanza wamwite mtaalamu.

Siku iliyofuata mumewe alichomelea wavu madirishani, akajenga kibanda cha kivuli uani. Tangu hapo, jua likiwaka, kuku hutweta kidogo chini ya kivuli na kunywa maji. Kishingo huwa wa mwisho kuachama.

Juzi mume alirudi kutoka kazini jasho likimtiririka, shati limefungwa mpaka kooni.

"Dada Mifugo angesemaje?" Fundi alimuuliza, akamfungulia kifungo cha juu.

Kola ya flana bado ipo. Siku hizi Fundi huifutia mafuta ya cherehani.