Nusu ya Biskuti

Kila jioni, mama akishafunika cherehani yake, yeye na binti yake walikwenda hospitali kumtazama mwanawe mdogo, Kipande, kupitia kioo. Jina hilo alibandikwa na dada yake. Kila alichokula dada, mdogo alidai kipande. "Hilo tumbo au pipa?" dada alimtania, lakini aliuma biskuti, na nusu akampa. Ndivyo walivyokua.

Sasa Kipande alikuwa na saratani ya damu. Daktari aliwaeleza: "Ndani ya mifupa kuna uboho, na humo mna seli shina, zinazozaa damu. Zake ziliharibika, tukaziua kwa dawa, tukampa za dada yake. Zikishika, zitazaa damu mpya. Mpaka hapo hana kinga hata kidogo, kwa hiyo msiingie."

Hazikushika. Kila walipouliza, daktari alitikisa kichwa. Mama alikonda.

Jioni moja muuguzi alitoka kidogo. Dada akajipenyeza ndani.

"Dada, kipande," mtoto alinong'ona.

Angemkataliaje? Akauma biskuti, akampa nusu. Lo! Na koo lilikuwa likimuuma dada tangu asubuhi.

Kesho yake Kipande aliwaka homa. Dawa ya kwanza haikufua dafu.

"Hatujui ni kidudu gani," daktari alimwambia mama. "Tunabahatisha tu, na muda hatuna."

Mama aliketi sakafuni, akalia. Dada alimsogelea.

"Mama, ni mimi. Niliingia. Nilimpa biskuti niliyoiuma, na koo linaniuma."

Mama aliinua mkono ampige, kisha akaushusha. Daktari alimpangusa dada kooni kwa pamba, akaipeleka maabara. Kidudu kikajulikana, dawa ikabadilishwa, homa ikashuka. Damu mpya bado haikuonekana.

"Mwanangu," muuguzi alimwambia dada, "ulimpa mdogo wako seli zako, kisha ukampa ugonjwa, na kote ulikuwa unampenda. Mgonjwa wa namna hii hupendwa kwa kufuata masharti. Umesema kweli, ndiyo maana leo yupo. Ya kesho siyajui, sitakudanganya."

Nyuma ya kioo, Kipande aliuma biskuti aliyopewa na muuguzi. Nusu akaiweka dirishani.

"Ya dada," midomo yake ilisema.

Dada alilia, lakini mlango hakuugusa.